Unga wa Nyamusi na Wakili Tuliyemsomesha

Mwaka wa tisini na sita, ukipita njia ya kwa Ochoki hapa Marani wakati wa asubuhi, ungesimama tu, upende usipende. Kwenye mteremko, juu kidogo ya shamba la majani chai, kulikuwa na vichanja virefu vya mianzi, na juu yake ndizi mbichi zilizokatwa vipande vyembamba zikikauka juani. Nyuma ya nyumba wanawake saba walikuwa wanakaanga nafaka ya wimbi na kuimba nyimbo za kwaya, mmoja akianzisha na wengine wakipokea. Harufu ile ilikufikia ukiwa bado barabarani. Watoto walikuwa wananenepa, wanawake wale walikuwa wananunua viatu vyao wenyewe bila kumwomba mtu, na hakukuwa na ugomvi boma lile.

Leo vichanja vile ni kuni. Na mimi Nyangate, mwalimu mstaafu, niliyewafundisha nusu yenu kusoma, nataka kuwaambia ni nani aliyeviangusha. Msiondoke. Najua hamtapenda mwisho wake. Hata mimi siupendi.

Aliyebuni kazi ile ni Kwamboka, mke wa Ochoki. Mama yake, marehemu Nyamusi wa kule Nyamira, ndiye aliyemfundisha kukausha ndizi mbichi na kuzisaga pamoja na wimbi ili kupata uji wa mtoto anayeachishwa ziwa. Kwamboka akaongeza soya kidogo, akajaribu, akamwaga, akajaribu tena, mwaka mzima, mpaka akapata uji ambao mtoto anayekataa kila kitu anaulilia. Akautia kwenye mifuko ya kaki, akaupa jina la mama yake, Unga wa Nyamusi. Akauza Mosocho, akauza Keroka, na mjini Kisii akauweka katika duka la mzee Ratilal, Mhindi aliyekuwa anamuuzia ile mifuko. Ratilal alionja uji mara moja tu, akafuta masharubu, akasema, "Mama Lavender, wewe leta. Yote leta." Lavender ni binti yake Kwamboka, na wakati huo alikuwa sekondari, shule ya bweni.

Sasa nisikilizeni kuhusu Thadeus.

Thadeus ni mdogo wake Ochoki. Mwaka wa themanini na tisa tulimfanyia harambee aende India kusomea sheria. Mwenyekiti wa harambee ile nilikuwa mimi. Tuliuza majogoo kwa mnada uwanjani mwa shule, jogoo mmoja akanunuliwa mara tano na kurudishwa mezani. Ochoki aliuza ng'ombe wake wawili wa maziwa. Kwamboka, ambaye alikuwa na mtoto mdogo nyumbani, akanywa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, tangu siku hiyo wala hakulalamika. Kijana akapanda ndege. Alipomaliza na kuapishwa Nairobi, tukachinja. Hapa Marani kila mtu alikuwa akisema "wakili wetu", hata wale waliotoa kuku mmoja mgonjwa.

Wakati huohuo mjini Kisii kulikuwa na wakili mwingine, na huyo hakuna aliyemwita wetu. Jina lake Palak, binti ya Ratilal. Alizaliwa juu ya duka la baba yake, akakulia pale kwenye ngazi, akaenda Nairobi kusomea sheria. Fikirieni kichekesho hicho! Mtoto wa Mgusii tulimpeleka India, na mtoto wa Mhindi akasomea hapa hapa Kenya. Aliporudi hakutaka kesi za mashamba wala za wezi. Alifungua ofisi ya chumba kimoja juu ya duka, akasema anataka kuwa wakili wa watu wanaoanza biashara: mwenye mashine ya posho, kikundi cha akina mama, kijana anayeunda majiko. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wakili gani huyo asiye na kesi? Wakamwita Wakili wa Mandazi. Nami nilicheka, na sauti yangu ni kubwa.

Siku moja nilikuwa dukani kwa Ratilal nikinunua betri za redio, Kwamboka naye akihesabiwa mifuko yake. Palak akashuka ngazi, akachukua mfuko mmoja wa unga, akausoma.

"Mama Lavender, jina hili umeliandikisha?"

"Kuliandikisha wapi?" Kwamboka akauliza. "Ni jina la mama yangu."

"Ndiyo maana nauliza. Leo mtu mwingine akienda Nairobi akaliandikisha kama alama ya bidhaa yake, kesho anaweza kukukataza kuliandika kwenye mfuko. Hata kama ni la mama yako."

"Hilo haliwezekani."

"Linawezekana kabisa. Nimeona. Ukipata nafasi panda juu, nikueleze. Kuna mambo matatu tu ya kufanya sasa, kabla unga haujajulikana mbali."

Nilimwona Kwamboka akiweka mfuko chini. Alikuwa tayari kupanda ngazi zile. Angepanda, nisingekuwa na hadithi ya kuwaambia leo. Lakini mimi, mwalimu mzima, nikajitia kati.

"Asante, binti," nikasema. "Huyu ana wakili wake. Ni shemeji yake."

"Vizuri sana," akasema Palak. "Anamlipa?"

"Amlipe? Tulimsomesha sisi!"

"Basi, Mwalimu, muulizeni analipwa na nani. Wakili humfanyia kazi yule aliyemweka."

Nilihisi kama nimezabwa kofi. Nikamgeukia Kwamboka, nikamwambia kwa Ekegusii kwamba hawa Wahindi wameshachukua maduka yote na sasa wanataka hata uji wa watoto wetu. Palak akanitazama bila kupepesa, kisha akanijibu kwa Ekegusii kilichonyooka, kama mtoto wa Marani.

"Nimekusikia, Mwalimu. Na hilo swali langu bado hujalijibu."

Nikatoka nje na betri zangu. Kwamboka akanifuata, kwa sababu mimi ni mtu mzima na alikuwa akiniheshimu. Jioni hiyo hiyo nikamwandikia Thadeus barua kwa mkono wangu, nikamwambia mambo ya kuandikisha jina la unga yameanza kuzungumzwa mjini, aje amfanyie shemeji yake haraka. Ndiyo, mimi. Yeye hata hakujua habari ya unga. Nilimwonyesha mlango nikamfungulia.

Akaja mwezi wa saba, siku ya Ijumaa, saa kumi na moja jioni.

Hapa nataka mniangalie usoni, hasa nyinyi Wasabato wenzangu. Mnajua Ijumaa saa kumi na moja ilivyo kwa mama wa Kisabato. Chakula cha kesho lazima kiive. Watoto waoge, viatu ving'ae, nguo zinyooshwe, maji yatekwe, na yote yaishe kabla jua halijazama, kwa sababu likizama Sabato imeingia na kalamu ya biashara haishikwi. Hakuna saa nyingine katika juma zima ambapo mama huyo ana haraka kama hiyo. Thadeus alilelewa nyumba hiyo. Alikuwa anajua saa ile kuliko anavyojua jina lake.

Alikuja na gari jeupe na bahasha. Kwamboka alikuwa na vyungu vitatu motoni na pasi ya makaa mkononi.

"Shemeji, Mungu amekukumbuka," akasema. "Nimekufungulia kampuni. Kuna mwenzangu wa Nakuru ataleta mashine za kusagia na za kufunga pakiti. Unga wako utafika Mombasa. Kinachobaki ni sahihi yako tu."

"Leo hii?"

"Jumatatu asubuhi karatasi hizi zinatakiwa Nairobi. Kesho ni Sabato, siwezi kukukosesha. Na Jumapili niko njiani."

Ochoki, mume wake, alikuwa amekaa kwenye kiti akitabasamu kama bwana harusi. Mdogo wake amerudi na baraka. Wakatuma niitwe niwe shahidi, maana mwandiko wangu ni mzuri na jina langu linaheshimika. Nikafika mbio, nimeshaoga, nimevaa koti.

Karatasi zilikuwa kumi na moja, Kiingereza kitupu. Kwamboka akapangusa mikono kwenye leso, akanipa.

"Mwalimu, nisomee basi, unielezee."

Nikatazama nje. Jua lilikuwa limebakisha kiasi cha kiganja juu ya kilima. Kusoma kurasa kumi na moja na kuzifafanua kwa Ekegusii kungetupeleka mpaka gizani. Lakini nisijifiche nyuma ya jua. Sababu ya kweli ni kwamba niliona aibu. Nianze kusoma karatasi za mtoto wetu mbele yake, neno kwa neno, kama polisi anayepekua gunia? Angejisikiaje? Harambee yote ile, halafu nimshuku?

Nikasema, "Mama Lavender, huyu ni mtoto wetu. Weka sahihi, Sabato inaingia."

Akaweka. Nami nikaweka yangu chini ya mstari uliosema kwamba hati hii imesomwa yote na kufafanuliwa kwake mbele yangu, kwa lugha anayoielewa. Mstari huo mmoja niliusoma. Nikatia sahihi.

Na mjue hivi: Thadeus alirudisha karatasi kwenye bahasha, akaiweka garini, akarudi ndani kukaa nasi. Jua lilipozama akaimba nasi wimbo wa kuikaribisha Sabato, sauti ya tatu, macho amefumba. Nikikumbuka sauti ile natamani kuvunja kitu.

Miezi minne ikapita. Hakuna mashine iliyokuja. Mwezi wa kumi na moja Kwamboka alipeleka unga Keroka, na mwenye duka mmoja akamwambia, "Mama, mbona unajishindanisha na wewe mwenyewe?" Akamwonyesha pakiti za plastiki zinazong'aa, zimetoka Nakuru, zimeandikwa Unga wa Nyamusi kwa rangi nyekundu, na picha ya bibi mmoja anayecheka ambaye hakuna anayemjua. Kwamboka akanunua pakiti, akafika nyumbani, akapika. Ulikuwa unga wa mahindi wenye rangi ya wimbi. Ndizi hata chembe.

Wiki iliyofuata ikaja barua, na nakala ya ile hati ndani yake. Ilimwamuru aache mara moja kutumia jina la Nyamusi kwenye unga wowote, kwa kuwa yeye mwenyewe, kwa hiari yake na mbele ya shahidi, alilihamisha jina hilo pamoja na namna ya kuutengeneza unga kwa kampuni ya Nakuru. Hakuelewa. Alidhani wamekosea anwani. Jumatano akaenda sokoni Mosocho kama kawaida, na pale wakaja askari wawili na karatasi, wakabeba mifuko yake yote mbele ya watu. Kuna walioguna. Kuna waliosema labda alikuwa akiuza unga wenye sumu. Ninawajua mliosema hivyo, na baadhi yenu mko hapa.

Wanawake wale saba wakarudi makwao. Na nyumbani kwa Ochoki moto ukawaka wa aina nyingine.

"Nenda kwa ndugu yako umuulize," Kwamboka akamwambia mumewe.

"Nimemuuliza. Anasema ni mambo ya kampuni, hatuwezi kuelewa. Tungoje."

"Tungoje nini? Amechukua jina la mama yangu!"

"Huyo ni damu yangu. Nimeuza ng'ombe wangu kwa ajili yake. Unataka niseme nilisomesha mwizi?"

"Sema ukweli tu."

"Ukimpeleka ndugu yangu kortini, Kwamboka, utafute pa kukaa."

Mwanaume anaambiwa nyumba yake imeibiwa, anamtisha aliyeibiwa! Na nani kati yetu wazee aliyemwita Ochoki akamkanya? Hakuna. Tulisema ni mambo ya mtu na mke wake.

Kwamboka akaenda kwa Palak. Alinipitia nyumbani, akasema, "Mwalimu, twende wote, wewe ulikuwepo." Nikaenda nimeinamisha kichwa. Palak hakutukumbusha ya dukani. Alitukaribisha chai, akasoma ile nakala ya hati kutoka mwanzo hadi mwisho, akipiga mstari kwa penseli. Ilimchukua kama dakika arobaini. Dakika arobaini tu, jamani! Ndizo nilizoshindwa kutoa.

"Mama Lavender," akasema, "hapa hukufunguliwa kampuni. Kampuni ni ya shemeji yako na mwenzake. Wewe umewapa jina na ujuzi wako bure. Na ukurasa wa tisa unasema wazi kwamba yeye alikuwa wakili wa kampuni. Hakuwa wako."

"Lakini alikuja nyumbani kwangu. Alikula kwangu."

"Najua. Ndiyo maana nilitaka kazi hii. Kila anayeanza kitu chake anamhitaji mtu mmoja anayesoma karatasi akiwa upande wake yeye tu. Siku ile ungekuwa na mtu kama huyo, asingekuruhusu kushika kalamu." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, hapa umeandika kwamba alisomewa akafafanuliwa. Alisomewa?"

"Hapana," nikasema.

"Hata ukurasa mmoja?"

"Hata mmoja."

Akashusha pumzi. "Basi kuna njia. Hati imetiwa sahihi na mtu asiyejua imesema nini, hana wakili wake, na aliyeiandika ni shemeji anayefaidika. Jaji anaweza kuivunja. Lakini shahidi ni wewe peke yako. Ochoki hatasema. Usiposimama na kusema hukusoma, hatuna kesi. Utasema?"

"Nitasema," nikajibu, na Kwamboka akalia kwa mara ya kwanza tangu yaanze.

Kesi ilipangwa mwaka wa tisini na saba, mwezi wa tano. Kwamboka alikuwa ameshafukuzwa na Ochoki, anakaa chumba cha kupanga Keroka, anauza ndizi mbichi kando ya barabara kama mtu asiyejua kitu kingine. Mama aliyejua kuifanya ndizi imlishe mtoto kwa mwaka mzima! Kila wiki alikuwa ananitumia salamu: "Mwambieni Mwalimu asisahau siku."

Siku nane kabla ya kesi, Thadeus akaja kwangu. Aliniletea sukari na majani ya chai, akakaa kwa adabu zake zote.

"Mwalimu, wewe ni kama baba yangu. Sitaki uumie. Ukisema kortini kwamba hukusoma, utakuwa umekiri kwamba ulitia sahihi uongo. Unajua hiyo ni nini kisheria? Wanaweza kukufunga. Na pensheni yako sijui itakuwaje."

"Wewe ndiye uliyeniletea hiyo karatasi, Thadeus."

"Nani atasema hivyo? Hapo pameandikwa Nyangate. Mimi sikuandika chochote hapo." Akacheka kidogo, akaniwekea mkono begani. "Sema tu hukumbuki. Mtu wa umri wako, nani atakulaumu?"

Jumamosi iliyofuata wazee wa kanisa wakaniita baada ya ibada. Wakaniuliza kama nina habari kwamba ndugu hawashtakiani mbele ya watu wa dunia. Wakasema jambo lile linalipaka kanisa matope. Thadeus ameahidi mabati ya kanisa jipya. Hawakusema niseme uongo, la, wao ni watu wa Mungu. Walisema tu nitafakari.

Nikatafakari. Nikaona jela. Nikawaona watoto niliowafundisha miaka thelathini na mmoja wakiambiana Mwalimu Nyangate alitia sahihi kitu asichokisoma. Hilo la pili lilinitisha kuliko jela, na ninaona haya kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya kesi nikapanda kizimbani. Kwamboka alikuwa amekaa benchi la mbele, amevaa nguo yake ya Sabato ingawa ilikuwa Jumanne. Thadeus alikuwa upande wa pili, na suti. Palak akasimama.

"Mwalimu Nyangate, ile Ijumaa, kabla Kwamboka hajatia sahihi, ulimsomea hati hii?"

Nikaangalia mikono yangu.

"Sikumbuki," nikasema.

"Ofisini kwangu uliniambia hukumsomea hata ukurasa mmoja."

"Ni siku nyingi. Sikumbuki vizuri."

"Je, alikuomba umsomee?"

"Sikumbuki."

Aliniuliza mara nne kwa njia nne, na mara zote nne nikajibu neno hilo hilo. Sikumtazama Kwamboka, ila nilisikia benchi likilia aliposimama akatoka nje. Jaji akasema kwamba hati ina sahihi ya mama na ya shahidi mwenye elimu, na shahidi huyo hakuikana, kwa hiyo hati inabaki kama ilivyo. Kesi ikaishia hapo. Watu wakaja kunipa mkono nje, wakaniambia nimelinda amani. Amani! Mama wa watu amebaki na beseni la ndizi kando ya barabara, na mimi napewa mkono!

Unga wa Nakuru ulidumu mwaka mmoja na nusu. Watoto waliukataa, akina mama wakauacha, kampuni ikafa. Leo ukimtajia mama yeyote Keroka Unga wa Nyamusi, anakunja uso. Thadeus anafanya kazi zake Nairobi na mabati ya kanisa aliyaleta, hamsini. Ukisali mle ndani mvua ikinyesha, unayasikia.

Mwaka jana matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Lavender alipata alama za kwenda chuo kikuu. Msichana huyo kila likizo alikuwa akikaa ofisini kwa Palak, anapanga mafaili, anasoma kila karatasi inayopita. Akasema anataka sheria, na anajua ya namna gani: anataka kuwa wakili wa watu wanaoanza. Wakili wa Mandazi wa pili! Watu wa Marani wakachangamka. Wakaja kwangu, wakasema Mwalimu, wewe ndiye mzoefu, tufanye harambee, tupate wakili wetu tena. Yaani mdomo hauna hata aibu. Lakini mimi nikafurahi. Niliona nimepata pa kulipia.

Nikaenda Keroka. Nilimkuta Kwamboka ameketi kando ya ndizi zake, Lavender amesimama nyuma yake. Nikamwamkia, nikamweleza. Nikamwambia tutauza majogoo, nitatoa mimi wa kwanza, nitatoa ndama wangu.

Kwamboka alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na heshima zake zote bado.

"Mwalimu, rudi nyumbani," akasema. "Palak atamlipia mwaka wa kwanza na Lavender atamfanyia kazi, wameandikiana. Nimesomewa yote, nikauliza maswali mpaka nikatosheka. Harambee yenu sitaki."

"Kwa nini, Mama Lavender? Ni kwa ajili ya mtoto."

"Kwa sababu mkimsomesha mtamwita wenu, na siku akiwaonyesha kosa lenu mtamnyamazisha. Mimi mlininyamazisha."

Nikageuka kwa binti, labda yeye atanionea huruma. Nilimfundisha darasa la kwanza. Nilimshika mkono kwenye herufi.

"Lavender, mwanangu," nikasema.

"Mwalimu," akasema polepole, wala hakuwa na ukali, "ile karatasi ya mama ulikuwa unaweza kuisoma?"

"Ndiyo."

"Na kule kortini ulikuwa unakumbuka?"

Magari yalikuwa yanapita. Wateja wawili walikuwa wamesimama wakisikia. Nilijibu kwa sauti ambayo ningeitumia kizimbani.

"Nilikuwa nakumbuka kila kitu."

Akaitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyepata jibu alilolitarajia, akainama kumsaidia mama yake kupanga ndizi. Mteja mmoja akauliza bei. Hakuna aliyenitazama tena.

FUNZO

Nimewaambia haya hadharani kwa sababu pale palipotakiwa niyaseme nilinyamaza. Kuyasema leo hakumrudishii Kwamboka kitu. Msinisifu.

Enyi mnaoanzisha kitu, iwe unga, iwe cherehani mbili kwenye kibanda: kabla hakijajulikana, tafuta wakili wako mwenyewe na umlipe, hata kidogo kidogo, ili ajue anamfanyia nani kazi. Wakili wa ukoo, wa kanisa, wa harambee, huyo muulize kwanza ameletwa na nani. Akikasirika kwa swali hilo umeshapata jibu. Na akikuletea karatasi jua linapotua, mwambie arudi Jumapili. Kama ni kitu chema, Jumapili kitakuwa bado chema.

Enyi vijana mnaokwenda kusomea sheria, tumechoka na mawakili wa kututoa jela na wa kutupokonyea mashamba ya binamu zetu. Kuna mama sasa hivi, hapa au Nyamira, anakausha kitu kwenye kichanja, na hana mtu wa kumsomea. Kuweni hao. Tutawacheka. Tucheke, nyinyi someni.

Nanyi wenzangu wenye koti na mwandiko mzuri, mnaoitwa kuwa mashahidi: usiweke jina lako chini ya usichokisoma ili kumpendeza mtu. Na ukishakosea hivyo, siku utakayoulizwa, sema. Jela niliyoiogopa hakuna aliyenipeleka. Lakini kila Jumanne, siku ya soko, lazima nipite Keroka.